Mbio za Sakafuni: Mshuko wa Ghafla katika Maandishi na Mzaha

Wazungumzaji wa barazani katika Mji Mkongwe wa Zanzibar wana namna moja ya kusimulia isiyokosa wasikilizaji. Jahazi, huanza msimulizi, lilikuwa likitoka Pemba. Lilipoikaribia rasi ya Nungwi bahari ilichafuka. Tanga likapasuka. Mlingoti ukakatika ukaanguka majini. Nahodha, mtu aliyeijua bahari kwa miaka thelathini, akawaita mabaharia wake, akawaomba radhi mmoja mmoja, akatoa shahada. Hapo msimulizi hunyamaza, hupiga funda la kahawa, kisha humaliza kwa sauti ya upole: na kofia yake mpya ya viua ikaloa chapachapa.

Wasikilizaji hucheka. Ukiwauliza wanacheka nini, hawatakuwa na jibu la haraka, kwa kuwa katika maneno yale hakuna hata moja lenye kuchekesha lenyewe. Kofia kuloa si kichekesho. Kinachochekesha ni mahali kofia ilipowekwa. Kila sentensi ilimpandisha msikilizaji ngazi moja juu ya ile iliyotangulia, na alipoinua mguu kutafuta ngazi ya juu kabisa, yaani kifo, alijikuta chini, penye kofia.

Mbinu hii, ambayo katika makala haya inaitwa mshuko, ni kinyume cha kilele. Katika kilele mambo hupangwa kutoka dogo kwenda kubwa, na kubwa kuliko yote huja mwisho. Katika mshuko mambo hupanda vivyo hivyo, lakini la mwisho huwa dogo. Wahenga waliijua hali hii waliposema kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni. Methali hiyo huelewa vyema aliyewahi kusimama juu ya dari ya nyumba ya mawe: hata mtu akimbie kwa kasi gani, sakafu ina mwisho wake, na mwisho huo haumsubiri.

Ngazi isiyokuwapo

Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zina ngazi za kusimama, nyembamba na zenye giza. Mtu anayezishuka usiku huwa hazioni. Mguu wake huzihesabu. Akidhani imebaki moja, kumbe amekwisha fika chini, mguu hugonga sakafu kwa kishindo na mwili mzima hushtuka. Hakuna kilichomdhuru. Alichokutana nacho ni tofauti kati ya ngazi aliyoitazamia na sakafu iliyokuwapo. Akili inaposoma au kusikiliza hufanya kazi kwa namna hiyo hiyo: haingoji neno lifike, bali hulitangulia na kulitazamia.

Wanafalsafa waliligusa jambo hili zamani. Immanuel Kant, Mjerumani, katika kitabu alichokitoa mwaka 1790, alieleza kicheko kuwa ni hali inayozaliwa pale matazamio yaliyokazwa sana yanapogeuka ghafla kuwa si kitu. Miaka 70 baadaye, mwaka 1860, Mwingereza Herbert Spencer alijaribu kulieleza jambo hilo kwa njia ya fiziolojia. Kwa maoni yake, mwili hujiandaa kwa nguvu kwa ajili ya jambo kubwa. Jambo dogo linapotokea badala yake, nguvu iliyokusanywa hukosa kazi ya kufanya, nayo hutoka kupitia misuli ya uso, koo na kifua. Kwa hiyo, alisema, kicheko huja pale fikira zinaposhushwa kutoka kubwa kwenda dogo; zikipandishwa kutoka dogo kwenda kubwa huja mshangao. Wanasayansi wa leo hawakubali kwamba nguvu ya fahamu hutiririka kama maji katika mfereji, lakini tofauti aliyoionyesha baina ya kushuka na kupanda bado inawafaa waandishi.

Karne ya 20 ilileta vipimo. Mwaka 1970 mtaalamu wa saikolojia wa Uswidi, Göran Nerhardt, alieleza jaribio la mawe ya mizani. Watu waliombwa kuinua vitu vilivyofanana kwa umbo na kulinganisha uzito wake. Baada ya kuinua kadhaa vyenye uzito wa kukaribiana, walipewa kimoja chepesi mno au kizito mno kuliko walivyozoea. Wengi walitabasamu au kucheka, na kadiri uzito ulivyokuwa mbali na matazamio ndivyo walivyocheka zaidi. Hapakuwa na kisa wala neno la mzaha. Mkono tu ulidanganyika.

Mwaka 1980, katika Chuo Kikuu cha California huko San Diego, Marta Kutas na Steven Hillyard walipima umeme wa ubongo wa watu waliokuwa wakisoma sentensi, neno moja baada ya jingine. Sentensi ilipoishia kwa neno lisilopatana na maana ya yale yaliyotangulia, wimbi la pekee lilionekana likifikia upeo wake takriban sehemu 400 za sekunde iliyogawanywa mara 1,000. Neno lililopatana na maana, lakini likaandikwa kwa herufi kubwa kuliko mengine, halikuleta wimbi hilo, bali lilileta la namna nyingine. Jaribio hilo halikupima kicheko. Lilionyesha tu kwamba msomaji amekwisha kuitazamia maana kabla ya kulifikia neno, na kwamba matazamio hayo yakivunjwa ubongo hutambua katika muda usiozidi nusu sekunde.

Hata hivyo kushtuka peke yake hakuleti kicheko. Nerhardt mwenyewe alipojaribu kuwapa abiria mizigo ya kuinua katika kituo cha gari moshi cha Stockholm, hawakucheka. Walikuwa na safari zao, wala hawakujiona wamo mchezoni. Ili mshuko uchekeshe, sharti anayeshushwa ajue kwamba yuko salama. Watu wa Makunduchi, kusini ya Unguja, hulionyesha hilo kila mwaka katika sherehe za Mwaka Kogwa. Pande mbili hukabiliana kana kwamba damu itamwagika, kisha hupigana kwa vigogo vya migomba. Matayarisho ni ya vita. Silaha ni laini. Na siku huishia katika kula pamoja.

Mwalimu Goso na wenzake

Mapokeo ya Unguja yana hazina kubwa ya mshuko. Sehemu yake iliwekwa katika maandishi na Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyefika Zanzibar mwaka 1864 na kufanywa askofu mwaka 1874. Mwaka 1870 alichapisha London kitabu cha hadithi zilizosimuliwa na wenyeji wa Zanzibar, Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa wa pili. Humo mna hadithi ya Mwalimu Goso, ambayo muundo wake wafaa kuchunguzwa hatua kwa hatua.

Goso alikuwa akisomesha watoto chini ya mbuyu. Paa akapanda mtini kuiba mabuyu, buyu moja likaanguka, likampiga mwalimu kichwani, akafa. Wanafunzi walipomaliza kumzika wakaenda kumtafuta muuaji. Wakaushika upepo wa kusi, kwa kuwa ndio uliotikisa mti. Kusi ukajitetea: kama ungekuwa na nguvu kiasi hicho, je, ungezuiwa na kiambaza cha udongo? Wakakiendea kiambaza, nacho kikauliza, je, kingetobolewa na panya? Panya akamtaja paka, paka akaitaja kamba, kamba ikakitaja kisu, kisu kikautaja moto, moto ukayataja maji, maji yakamtaja ng'ombe, na ng'ombe akamtaja mdudu mdogo anayemng'ang'ania mwilini. Mdudu naye akamtaja paa. Wakamfikia paa. Paa hakuwa na la kusema. Wakamwua.

Mishuko imo mitatu katika hadithi hii fupi. Wa kwanza ni kifo chenyewe: mwalimu, mtu wa heshima, anauawa na buyu. Wa pili umo katika kila jibu, kwa maana kila mwenye nguvu anajishusha kwa kinywa chake mwenyewe, hata upepo wa kusi unaoendesha majahazi unakiri kushindwa na ukuta wa udongo. Wa tatu ndio mzito. Wasio na kosa wote walikuwa na hoja nzuri. Mkosaji wa kweli, alipofikiwa, alikosa hata neno moja. Baada ya ufasaha mwingi kiasi hicho msikilizaji alitazamia utetezi mkubwa kuliko yote, akapewa ukimya. Na ukimya huo ndio uliokuwa ukweli.

Abunuwasi, ambaye visa vyake vimo pia katika kitabu cha Steere, aliutumia mshuko kuwa silaha ya mnyonge. Maskini mmoja alishtakiwa na tajiri kwa kula wali wake karibu na harufu ya nyama ya tajiri. Kesi ikapanda hadi kwa Sultani, malipo yakadaiwa, maskini akakaribia kuangamia. Abunuwasi akaleta fedha, akaziliza, akamwambia tajiri achukue mlio wake, kwa kuwa harufu hulipwa kwa mlio. Kesi nzima, pamoja na baraza lake na ukubwa wa mshitaki, ikashuka na kurudi katika ukubwa wake halisi, yaani si kitu. Hapa mshuko haukumdhalilisha mnyonge. Ulimvua mwenye kiburi kilemba.

Kiswahili na kuficha mwisho

Mshuko huharibika ukijulikana kabla ya wakati wake. Kwa hiyo mwandishi hana budi kujua ni sehemu gani za lugha zinazotoa siri na zipi zinazoificha. Kiswahili kina sifa mbili zinazomsaidia na moja inayomsaliti.

Sifa ya kwanza ni mahali pa kivumishi. Kiingereza hutanguliza sifa kabla ya jina; Kiswahili huanza na jina, kisha sifa hufuata. Anayesema jeshi kubwa la siafu hutanguliza jeshi, hulikuza, na mwisho kabisa ndipo hulifanya siafu. Anayesema mfalme wa karatasi hukiweka kiti cha enzi kwanza, halafu hukichana. Kila kikundi cha jina katika Kiswahili kina nafasi ya mshuko mdogo mwishoni mwake.

Sifa ya pili ni upatanisho wa viumbe hai. Kiambishi kimoja humtumikia mtu, mnyama na mdudu. Mfano huu waonyesha faida yake:

Alipita mlango wa nje bila kubisha hodi. Akapita mbele ya walinzi wawili, nao wasimwone. Akapanda ngazi, akaingia chumba alimolala Sultani, akainama juu ya shingo yake, akamwaga damu, akatoka. Kulipokucha Waziri akaamuru kinunuliwe chandarua.

Katika lugha zinazotenga kiwakilishi cha mtu na cha mdudu, siri hiyo ingevuja katika neno la kwanza, au mwandishi angelazimika kuhangaika ili kuifunika. Katika Kiswahili mbu amefichwa ndani ya kiambishi cha muuaji, wala hakuna uongo uliosemwa.

Kinachosaliti ni ngeli za vitu. Mtu akiandika kwamba kilichomliza tajiri yule baada ya kupoteza shamba, nyumba na jahazi kilikuwa kitana chake, msomaji amekwisha kujua tangu neno la kwanza kwamba kinachokuja ni cha ngeli ya kiti, na huenda ni kidogo. Msimulizi mwangalifu hujificha nyuma ya neno jambo: jambo lililomliza kuliko yote lilikuwa kupotea kwa kitana. Neno hilo halina umbo wala ukubwa. Laweza kubeba mlima na laweza kubeba kitana.

Mporomoko usiokusudiwa

Upo pia mshuko ambao mwandishi hakuutaka. Mshairi wa Uingereza Alexander Pope alitoa mwaka 1728 kijitabu cha kuwadhihaki washairi waliotaka kupaa wakazama, akakipa jina lenye neno la Kigiriki lenye maana ya kina. Kosa hilo si geni katika insha za wanafunzi. Mwanafunzi huandika kwamba moto uliteketeza nyumba kumi, uliua watu wawili, na harufu ya moshi ilikuwa mbaya sana. Hakutaka kuchekesha, lakini amelipa jambo dogo kiti cha mwisho, nacho ni kiti cha mfalme. Dawa yake si kuongeza maneno ya huzuni. Atangulize moshi, kisha nyumba, amalizie na watu.

Dogo lisilo jepesi

Wasomaji wa riwaya za upelelezi wanaujua mshuko wa namna nyingine. Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi mwaka 1918, alimbuni mpelelezi Bwana Msa, mvuta kiko. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyochapishwa mwaka 1960, kifo kinachotokea mahali pa kuogopwa kinaonekana kuwa kazi ya mzimu. Hofu inapanda. Mwishowe Bwana Msa anakieleza kwa matendo ya binadamu. Msomaji ameshushwa kutoka kwa mzimu hadi kwa mtu, lakini hadhihakiwi, amefunguliwa macho.

Sayansi hushusha kwa njia hiyo mara nyingi. Kwa karne nyingi malaria ilidhaniwa kuletwa na hewa mbovu ya mabwawa, na jina lenyewe kwa Kitaliano lina maana hiyo. Mwaka 1897, huko Secunderabad nchini India, daktari Ronald Ross aliona vimelea vya ugonjwa huo katika ukuta wa tumbo la mbu. Hofu iliyojaza anga ikashuka hadi kwa mdudu anayeweza kukaa juu ya ukucha. Hakuna aliyecheka, kwa sababu udogo wa mdudu haukupunguza idadi ya makaburi. Hapa ndipo mwandishi anapojifunza kwamba udogo na wepesi si kitu kimoja. Hapa pia ndipo mshuko unapoweza kugeuka hatari.

Dakika thelathini na nane

Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini wa Zanzibar alifariki. Siku ileile Khalid bin Barghash aliingia katika jumba la kifalme la pwani ya Mji Mkongwe na kujitangaza Sultani. Uingereza, iliyokuwa imeiweka Zanzibar chini ya himaya yake tangu mwaka 1890, haikumkubali. Chaguo lake lilikuwa Hamoud bin Mohammed. Khalid akapewa amri ya kutoka kabla ya saa tatu asubuhi ya tarehe 27 Agosti. Hakutoka. Saa tatu na dakika mbili meli za kivita za Uingereza, zilizokuwa tano bandarini chini ya Admeri Harry Rawson, zilianza kupiga mizinga. Meli ya Sultani, Glasgow, ikazamishwa. Jumba likashika moto. Khalid akakimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, na baadaye akapelekwa Dar es Salaam. Mizinga ilinyamaza baada ya dakika 38 kwa hesabu moja, 45 kwa hesabu nyingine.

Habari hii huzunguka ulimwenguni, katika vitabu vya maajabu na katika chemsha bongo, kwa jina la vita vifupi kuliko vyote katika historia. Kila isimuliwapo hivyo watu hutabasamu. Sababu yake imekwisha elezwa: vita ni neno kubwa, lenye miaka, majeshi na mataifa ndani yake, dakika 38 ni muda usiofikia kipindi kimoja cha darasani. Matazamio yamepandishwa, kisha yakaangushwa.

Na hizi hapa sentensi mbili, zote za kweli, zenye mambo yaleyale:

Inakadiriwa kwamba watu 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa katika vita vilivyodumu dakika 38.

Katika vita vilivyodumu dakika 38, inakadiriwa kwamba watu 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa.

Hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa. Ya kwanza inaishia kwenye saa, na msomaji anabaki na ajabu. Ya pili inaishia kwa watu, na msomaji anabaki na askari na watumishi waliokuwa ndani ya jumba linalowaka. Wasimulizi wengi hawafiki hata kwenye sentensi ya kwanza. Wao huishia katika dakika, na wale 500 hawatajwi. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Mwenye mizinga anaweza kuviona vita kuwa vifupi na kuvifanyia mzaha. Aliyekuwa chini ya dari iliyoporomoka hakuwa na saa ya kupimia.

Jambo moja huyaunganisha mambo haya yote, tangu kofia ya nahodha hadi jumba la Khalid. Kinachowekwa mwisho ndicho msomaji anachoondoka nacho. Abunuwasi aliweka mwisho mlio wa fedha, haki ikapatikana. Anayeweka mwisho dakika 38 na kufunga mdomo amewashusha watu 500 hadi chini ya ngazi, mahali pasipotazamwa. Mbinu ni ileile, na mwenye kuitumia hujibu kwa matumizi yake.

Mazoezi ya darasani

1. Andika kisa cha sentensi tano chenye mshuko. Mtendaji awe mdudu au mnyama, na asijulikane kabla ya neno la mwisho. Mwombe mwenzako akuonyeshe kiambishi au neno lililomfanya akisie, kama lipo.

2. Chukua habari moja ya ajali au msiba kutoka gazetini. Ipange upya mara tatu, kila mara ukiishia na jambo tofauti: idadi, muda, kisha jina la mahali. Wasomee wenzako darasani bila kuwaeleza nia yako, na uandike walichokikumbuka baada ya dakika kumi.

3. Simulia upya hadithi ya Mwalimu Goso, lakini paa ajitetee kwa hoja nzuri kama wenzake. Jadilini darasani: hadithi imepata nini, na imepoteza nini?

Mwalimu anayefanya zoezi la pili ataona kwamba hahitaji kuwahubiria wanafunzi juu ya uzito wa maneno. Watayasikia wenyewe, darasa litakapocheka mara moja na kunyamaza mara mbili kwa habari ileile.